Nyota iliyoitwa “Haipo”

Mwishoni mwa Januari, vuli ikiwa imepita na masika hayajabisha hodi, Moshi hupata siku chache za anga safi kabisa. Umeme ukikatika ndiyo heri, maana taa za mjini ndizo zinazotunyima nyota. Toka nje saa tano usiku, simama ukiuelekea mlima, halafu inua uso mpaka shingo ilalamike. Kilimia kimeshaanza kushuka mkono wa kushoto. Mapacha, kundi la nyota liitwalo pia Gemini, wako kulia, na miguu yao imekujia karibu na utosi. Kwenye mguu wa mmoja wao kuna nyota yenye jina la Kiarabu, Alhena. Nyoosha mkono, izibe kwa kidole gumba. Pembeni tu mwa kidole hicho, upande wa Kibo, ipo Geminga.

Hutaiona. Usilaumu macho yako: mwanga wake ni hafifu mara makumi ya mamilioni kuliko nyota dhaifu kabisa ambayo jicho la mtu linaweza kuipata. Lakini kama tungeumbwa na macho ya kuona miale ya gama, Geminga ingekuwa miongoni mwa vitu vitatu vinavyong'aa kupita vyote angani, na watoto wangeijua kabla ya kujua kusoma. Kitu kimoja, mahali pamoja: huku giza tupu, kule taa ya kuumiza macho. Iliwachukua watu karibu miaka 20 kujua ni nini, na sababu ya kuchelewa hivyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Hadithi inaanzia kwa jirani. Katika miaka ya 1960 Waitaliano waliweka jukwaa la kurushia roketi baharini, karibu na Malindi, wakaliita San Marco. Desemba 12, 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka pale setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kutazama eksirei za angani. Ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo, neno lilelile lililo kwenye kilele tunachokitazama kila asubuhi mawingu yakikubali. Novemba 15, 1972, ikafuata mdogo wake, SAS-2, huyu akiwa wa miale ya gama. Pwani yetu ilipendwa kwa sababu iko karibu na ikweta, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta husumbuliwa kidogo na chembe za mionzi zinazoizingira dunia. SAS-2 haikukaa sana. Juni 1973 mfumo wake wa umeme ulikufa. Hata huko juu umeme hukatika.

Katika miezi saba hivi ya uhai wake iliona vitu vitatu vilivyojitokeza waziwazi. Viwili vilitambuliwa bila taabu: ni mabaki ya nyota zilizolipuka, la Kaa na la Vela, na ndani ya kila moja kuna palsa, yaani nyota ndogo nzito sana inayojizungusha kwa kasi. Vilitambuliwa upesi kwa kuwa darubini za redio zilishavijua tangu 1968, hadi mapigo yake yalikuwa yameandikwa. Redio ilikuwa imeshawatambulisha wageni kabla hawajagonga mlango. Cha tatu, kwenye mguu wa Pacha, redio haikuwa na habari nacho hata kidogo. Mwitaliano Giovanni Bignami, aliyekuja kukifukuzia kwa miaka mingi, alikibatiza Geminga. Jina hilo linaunganisha Gemini na gama, lakini kwa lahaja ya kwao Milano linasikika kama kusema “haipo”. Utani mzuri, na ulikuwa na uchungu ndani yake.

Gama na shida zake

Mwanga tunaouona ni kipande chembamba cha ukoo mkubwa. Mwisho mmoja kuna mawimbi ya redio, marefu na ya upole. Katikati kuna joto la jiko, kisha rangi za upinde wa mvua, kisha miale ya jua inayochoma ngozi, kisha eksirei za hospitalini. Mwisho wa pili kuna gama. Wote ni ndugu. Tofauti ni urefu wa wimbi, na kadiri wimbi linavyofupika ndivyo kila chembe yake, fotoni, inavyobeba nishati zaidi. Fotoni ya mwanga wa njano ina elektronivolti (kipimo cha nishati) 2 hivi. Zile ambazo setilaiti ya Fermi, iliyorushwa Juni 2008, huzikamata huanzia milioni 20 na kupita bilioni 300. Darubini za H.E.S.S. kule Namibia hushika hata za matrilioni.

Nguvu hiyo ndiyo shida. Fotoni ya gama haikubali kurudishwa na kioo wala kukusanywa na lenzi, inapenya. Ili kuinasa, inabidi uiache igonge kitu kizito. Ndani ya Fermi ni karatasi nyembamba za metali ya tangsteni. Pale fotoni inakufa, na mahali pake huzaliwa elektroni na pacha wake wa chaji chanya, positroni. Mashine hufuata nyayo za hao wawili na kukisia fotoni ilitoka wapi, kama mwindaji anayesoma nyayo kwenye tope. Makisio hayo yana ukungu. Kwa vyombo vya miaka ya 1970, chanzo kimoja cha gama kilikuwa duara pana kama mwezi mpevu au zaidi, na ndani ya duara la namna hiyo kuna maelfu ya nyota na galaksi, kila moja ikiwa mshukiwa.

Shida ya pili ni uchache. Fotoni za nguvu kubwa hivyo huja moja moja. Kwa Geminga, chombo kama SAS-2 kilipata fotoni moja, kisha kikangoja nusu saa au zaidi kupata nyingine.

Sasa weka hayo mawili pamoja. Wapo waliohisi mapema kwamba Geminga nayo ni palsa. Kulithibitisha kulihitaji kuonyesha kwamba mwanga wake unadunda kwa mpigo maalumu. Leo tunajua inajizungusha mara nne na kidogo kwa sekunde: kila sekunde 0.237, mzunguko mmoja. Nusu saa kati ya fotoni na fotoni ni mizunguko zaidi ya 7,500. Fikiria ngoma inayopigwa mara nne kwa sekunde, na wewe unasikia pigo moja tu kila nusu saa. Mdundo upo, umo ndani ya nyakati ulizoziandika, lakini utaupataje? Ungejaribu midundo yote inayowezekana, mmoja baada ya mwingine, na kompyuta za wakati ule zisingemaliza.

Ufumbuzi ulitoka nje ya gama. Darubini ya eksirei iliyoitwa Einstein ilitazama ndani ya lile duara ikaona nukta moja ya ajabu. Bignami na wenzake walitangaza mwaka 1983 kwamba hiyo yaweza kuwa ndiyo. Eksirei, tofauti na gama, huweza kukusanywa kwa vioo maalumu, kwa hiyo nukta yake ni ndogo. Duara la upana wa mwezi likawa tundu la sindano. Baadaye darubini kubwa za mwanga wa kawaida zikaelekezwa kwenye tundu hilo na kupata kimulimuli karibu na mwisho wa uwezo wao. Halafu ROSAT, setilaiti nyingine ya eksirei, ikapokea fotoni za kutosha kuusikia mdundo wenyewe. Mwaka 1992 ikatangazwa: sekunde 0.237.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi. Watu walirudi kwenye kumbukumbu za zamani za gama, wakazipanga upya kwa mdundo huo, na mapigo yakajitokeza: kwenye data za setilaiti ya COS-B ya Ulaya, na hata zile za SAS-2 iliyorushwa kutoka Malindi. Ushahidi ulikuwa umelala kabatini tangu 1973. Haukupungukiwa na kitu isipokuwa mtu wa kuuambia upangwe vipi, na mtu huyo alikuwa eksirei.

Msije mkadhani gama ndiyo iliyobebwa mgongoni. Kwenye ramani za eksirei Geminga ni nukta dhaifu kati ya nukta nyingi mno. Bila gama kupiga kelele miaka yote ile, nani angehangaika nayo? Na ni haki kusema pia kwamba mambo yamesonga. Fermi ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2008 ilipata palsa kwa gama peke yake, ndani ya masalia ya nyota yaitwayo CTA 1, na nyingine zikafuata. Lakini hata leo orodha ya Fermi ina vyanzo zaidi ya 5,000, na ilipotoka toleo lake la nne zaidi ya robo yake havikuwa na jina. Gama inavijua. Aina nyingine za mwanga hazijavikuta bado.

Moto upo, kinachoungua ni nini?

Kujua mahali ni nusu ya kazi, tena nusu rahisi. Oktoba 2020, moto ulipoushika mlima, sisi wa mjini tuliuona usiku kama uzi mwekundu uliotundikwa gizani. Kila baraza lilikuwa na mtaalamu wake. Mmoja alisema msitu wote umekwisha. Mwingine akaapa ni vichaka vya juu tu. Ule uzi haukuweza kuamua ubishi. Ulisema kuna moto, basi. Kilichokuwa kinaungua kilijulikana kwa simu za waliopanda kuuzima, na kwa moshi wa asubuhi.

Miale ya gama iko hivyo. Kwenye masalia ya nyota zilizolipuka kuna washukiwa wawili wa kuizaa. Wa kwanza ni elektroni iliyopewa kasi ya kutisha: inagonga fotoni mnyonge, hata zile za mnururisho wa kale uliojaa ulimwengu mzima, na kuirusha juu mpaka inakuwa gama. Wa pili ni protoni: inagonga gesi, mgongano unazaa chembe isiyodumu iitwayo pioni, na pioni inapasuka papo hapo kuwa fotoni mbili za gama. Fotoni ikikufikia haina cheti cha kuzaliwa.

Jambo hili si ubishi wa barazani tu. Mwaka 1912 Victor Hess alipanda na puto hadi mita 5,300 hivi, yaani juu ya Kibo Hut lakini chini ya Stella Point kwa wanaoujua mlima, akakuta mionzi inaongezeka kadiri anavyopanda. Ilikuwa inatoka angani. Mionzi hiyo ya anga za mbali, ambayo kwa sehemu kubwa ni protoni, imekuwa ikitafutiwa mwenyewe tangu siku hiyo: nani anazirusha protoni kwa nguvu zote hizo? H.E.S.S. ya Namibia imepewa jina lake. Ukiweza kuthibitisha kwamba gama fulani imezaliwa na protoni, umemshika mrushaji.

Hapo ndipo mashahidi wengine huitwa. Elektroni zenye kasi zikipita kwenye usumaku hujipinda na kutoa mawimbi ya redio na eksirei; protoni hazifanyi hivyo kwa kiwango cha maana. Kwa hiyo pima eksirei za mahali hapo. Zikiwa nyingi, elektroni zipo, na ukilinganisha eksirei na gama unapata hata nguvu ya usumaku. Kisha chukua darubini ya redio uchore ramani ya gesi, maana gesi ndiyo kuni za protoni. Pasipo na gesi protoni hazina cha kugonga. Gama ikiwa nyingi pale palipo na gesi nyingi, mizani inaelemea upande wa protoni.

Kesi maarufu ni ya RX J1713.7-3946, masalia yaliyogunduliwa na ROSAT kwa eksirei mwaka 1996. Mwaka 2004 H.E.S.S. ilitoa picha yake kwa gama za nguvu kubwa kabisa, na umbo la gamba lililolipuka likaonekana wazi, likifanana mno na la eksirei. Elektroni, wakasema wengi. Ramani za gesi zikaja na kuwavuta watu upande wa pili. Ubishi ukaendelea kwa miaka, na uchambuzi mmoja wa 2021 uliopima gesi, eksirei na gama kwa pamoja ukakadiria kwamba theluthi mbili hivi ya gama zile ni kazi ya protoni na theluthi moja ni ya elektroni. Wote wawili walikuwa jikoni. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu la kuaminika zaidi kuliko majibu ya “huyu tu”, na lisingepatikana kwa chombo kimoja hata kingekuwa kikubwa kama Kibo.

Kwa masalia mengine mawili, IC 443 na W44, Fermi ilitangaza mwaka 2013 kuiona alama ya pioni kwenye gama zenyewe: mwanga unaoporomoka ghafla ukishuka kwenye nishati za chini. Hapo gama ilijitetea vizuri. Lakini walijua waanze kutazama wapi kwa sababu redio ilishawaonyesha mawingu ya gesi.

Neno moja kuhusu picha zile za rangi zinazozunguka kwenye simu zetu, zambarau huku na kijani kule. Zambarau hiyo si rangi ya kitu chochote. Mtu ameamua eksirei iwe zambarau na redio iwe nyekundu ili tuzitofautishe. Sina ugomvi na urembo, ila mara nyingi hawasemi rangi gani ni shahidi gani, na hapo picha inabaki kuwa kanga bila jina.

Wote kwa wakati mmoja

Palsa ina subira. Galaksi zenye shimo jeusi linalotema mkondo wa chembe kuelekea kwetu, ziitwazo blaza, hazina. Julai 2006 H.E.S.S. ilikuwa ikiitazama moja, PKS 2155-304, na mng'ao wake ukawa unabadilika ndani ya dakika chache. Kwa kitu cha namna hiyo, eksirei ya jana na gama ya leo ni kama kumpima mgonjwa joto Jumatatu na presha Ijumaa, kisha kuandika cheti kimoja. Lazima wote watazame saa ileile. Hilo ni suala la ratiba, hali ya hewa na simu za usiku wa manane, na mara nyingi ratiba huwa ngumu kuliko fizikia.

Milipuko ya gama ni mibaya zaidi. Setilaiti za Marekani zilizokuwa zikichunguza majaribio ya mabomu ya nyuklia ziliunasa wa kwanza mwaka 1967, habari ikachapishwa 1973, na kwa robo karne watu walibishana kama inatokea karibu au mwisho wa ulimwengu. Inadumu sekunde chache, kisha kimya. Februari 28, 1997, setilaiti BeppoSAX iliwahi kuelekeza macho yake ya eksirei kabla makaa hayajapoa. Siku hiyohiyo darubini ya La Palma ikayaona kwa mwanga wa kawaida. Mei mwaka huo, kwa mlipuko mwingine, darubini ya Keck kule Hawaii ilipima umbali: mabilioni ya miaka ya nuru. Ubishi ukaisha. Baadaye ikaja setilaiti ya Swift, iliyoundwa kujigeuza yenyewe ndani ya dakika moja hivi, na ujumbe huruka kwenda kwa darubini za dunia nzima kabla binadamu hajavaa miwani. Ndiyo maana Agosti 17, 2017, mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya nguvu ya uvutano inayosafiri angani) yalipotangulia na mlipuko wa gama ukafuata sekunde 1.7 baadaye, galaksi husika ilipatikana ndani ya saa 11 hivi, miaka ya nuru milioni 130 kutoka hapa. Rangi za mwanga ule zilionyesha elementi nzito zikiumbwa, jamii ya dhahabu. Wachimbaji wa Geita wana haki ya kulijua hilo.

Bara letu liko vizuri katika kazi hii kuliko tunavyojitambua. H.E.S.S. iko Namibia, darubini kubwa ya mwanga, SALT, iko Sutherland, Afrika Kusini, na MeerKAT yenye masinia 64 ya redio iko nchi hiyohiyo. Zote ziko chini ya usiku mmoja, kwa hiyo zinaweza kukitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ipo hata darubini ndogo, MeerLICHT, ambayo kazi yake ni kutazama popote MeerKAT inapotazama. Na data za Fermi ni za bure kwa kila mtu. Mwanafunzi wa Arusha mwenye kompyuta na bando la kutosha anachota kisima kilekile anachochota profesa wa Ulaya.

Geminga yenyewe haijamaliza vituko. Iko takribani miaka ya nuru 800 kutoka kwetu, jirani kabisa. Mwaka 2017 kituo cha HAWC, matangi 300 ya maji kwenye bega la volkano ya Mexico, kwenye kimo cha mita 4,100, sawa na kati ya Horombo na Kibo Hut, kilitangaza kwamba nyota hiyo imezungukwa na wingu kubwa la gama za nguvu ya juu. Ni elektroni na positroni zinazovuja taratibu kutoka kwenye palsa. Elektroni kama hizo, kwenye usumaku, zinapaswa kutoa eksirei pia, kwa hiyo darubini za eksirei zimelitafuta wingu hilo. Zimeambulia patupu, na patupu hiyo imepimwa na kuandikwa: inamaanisha usumaku wa pale ni dhaifu. Kwa hiyo ukisimama nje usiku ule wa Januari, juu ya mlima pana wingu pana kupita miezi mipevu kumi iliyopangwa mstari, gama zinasema lipo, na eksirei, kwa mara nyingine tena, zinasema “haipo”.